Meli Yenye Chumba cha Mbuzi

Swali lililomnyima Papa Grégoire usingizi lilikuwa la mbuzi. Je, kwenye meli iitwayo Étoile mbuzi walisafiri pamoja na watu, au walikuwa na mahali pao? Kwenye Sainte-Cécile, meli ya pili, jibu lilijulikana: mbuzi walitengewa chumba chenye mlango na komeo. Mtu wa cheo chake hachagui meli bila kujua jambo kama hilo.

Papa Grégoire alikuwa karani wa shamba la pareto juu ya vilima vya Masisi, na mwaka ule wa hamsini na tano alikuwa amepewa konji, yaani likizo, apumzike kama wazungu wanavyopumzika. Wao ndio waliozoea kupanda meli za Ziwa Kivu kutoka Goma hadi Bukavu, wakinywa kahawa katikati ya maji na kurudi na mashavu mekundu. Sasa ilikuwa zamu yake, na alitaka kilima kizima kijue.

Konji yenyewe aliipata kwa Kifaransa chake, na hilo hakuchoka kulisimulia. Bwana wa shamba alikuwa Mbelgiji wa Kiflamandi, na Kifaransa chake kilichechemea. Siku moja, mbele ya wageni, Bwana alitaka kutaja meza, akasema “le table”. Grégoire akamsahihisha kwa upole: “la table”. Bwana alipokosea tena, Grégoire akamsahihisha tena. Wageni walicheka hadi wakaweka vikombe chini. Asubuhi yake Bwana akamwita ofisini, akasema, “Grégoire, je te donne ton congé,” yaani anampa konji yake, kuanzia mwisho wa mwezi. Grégoire akainama na kushukuru kutoka moyoni. Bwana alimkodolea macho, akasema hajawahi kuona mtu akilipokea neno hilo kwa adabu namna hiyo.

Mkewe, Mama Adelaïde, hakuwa na haraka ya kufurahi. Aliuliza kwa nini Sebarenzi, msimamizi wa tanuri la kukaushia pareto, alipewa konji mwaka jana na hadi leo hajarudi. Grégoire akamweleza kwa subira kwamba konji za Bwana huyu ni ndefu. Akauliza tena kwa nini yule kijana Théophile wa Lushebere ameletwa kujifunza ukarani. Grégoire akasema mtu mkubwa haondoki bila kuacha mtu wa kumshikia kiti. Akamfundisha Théophile kila kitu, hata namna ya kupumua kabla ya kusema “Monsieur”, na akajisifu kwa wema huo.

Ikabaki meli. Grégoire aliwahoji madereva wote wa malori waliopanda kutoka Sake. Étoile ilikuwa na honi ya kusikika hadi kisiwani Idjwi, lakini ilitikisika vibaya. Sainte-Cécile ilikuwa na viti vya kulalia kwenye sitaha ya juu. Watu weusi hawakuruhusiwa kufika huko, ila ukikaa chini, upande wa kulia, unaviona vizuri. Hatimaye dereva mmoja akaleta habari ya hakika: kwenye Étoile, mbuzi wanakaa na watu, na wanawatafunia nguo. Grégoire akashusha pumzi. Ingekuwa Sainte-Cécile.

Nauli ndiyo iliyokosekana. Nyuma ya mlango palikuwa na gunia la maharagwe, mbegu ya msimu, ambayo Adelaïde aliichambua kwa mikono yake mwenyewe.

“Hii maharagi njo mbegu yetu,” alisema. “Tukiiuzisha, tutapanda nini?”

“Mama, muntu wa mushahara hapandi. Mushahara iko, itakuya.”

“Na mushahara ikikosa?”

Grégoire aliliona hilo kuwa swali la mtu ambaye hakusoma. Gunia likauzwa. Adelaïde aliumia sana siku ile, hakula, lakini alijifunga kitenge kizuri na kufuatana na mumewe.

Asubuhi ya kuondoka, Théophile alikuja kuomba ufunguo, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya shamba. Grégoire akampa, akamwagiza asisahau kumwagilia maua. Théophile akatazama chini na kusema asante, Papa.

Goma waliikuta Sainte-Cécile gatini, nyeupe na safi. Chumba cha mbuzi kilikuwepo kweli, na komeo lake liling'aa. Grégoire akamwonyesha mkewe kwa kidole, na kwa mara ya kwanza Adelaïde akatabasamu. Wachukuzi walikuwa wakipanda na kushuka na magunia ya kahawa. Mmoja wao, kifua wazi, jasho likimtiririka, akasimama ghafla mbele yao. Alikuwa Sebarenzi.

Grégoire alimhurumia kwa kumkuta akiuumiza mgongo wakati wa mapumziko yake. Akamsimulia ya kwake, habari ya wageni na vikombe, akarudia maneno ya Bwana moja moja, kwa Kifaransa kizuri.

“Na konji yako, kaka,” akauliza, “inaisha lini?”

Sebarenzi alitua gunia. Alimtazama Adelaïde kwanza, ndipo akamtazama yeye.

“Papa Grégoire, na mimi aliniambia vile vile. Konji ya kufukuzwa haina mwisho.” Akampangusa vumbi begani, taratibu. “Vua koti, uweke pale kwa chumba ya mbuzi. Hapa bado banatafuta batu ya kubeba.”