Jina Jipya la Seva

Miaka hiyo, wazee waliopoteza kumbukumbu walitunziwa kumbukumbu hizo kwenye seva, kompyuta ya akiba iliyokaa nyumbani. Kila walipoamka waliiita kwa jina, nazo zikawarudia. Sheria ilikataza seva kuitwa jina la marehemu.

Ya Mzee Eliamani iliitwa Namsifu, jina la mkewe. Matanga ya mkewe yalipokwisha, bintiye Nakunda aliketi mbele ya mashine, akaandika amri moja ya kubadili jina hilo kila lilipo, akaipa seva jina lake mwenyewe. Ukungu wa Upare ulikuwa umejaa dirishani.

Mzee aliamka usingizi wa mchana, akaita, "Namsifu!" Seva ikanyamaza.

"Baba, sasa inaitwa Nakunda."

Akaita jina hilo jipya, taratibu. Uso wake ukanawiri.

"Siku ya harusi tulinyeshewa mpaka kanisani," alisema. "Nakunda alicheka njia nzima."

Binti aliweka kikombe cha chai chini. "Huyo alikuwa mama, Baba. Namsifu."

"Namsifu ndiye nani?"

Nakunda alimshika mkono. "Na mtoto wenu, mlimwitaje?"

Mzee alimtabasamia kama mtu anayempokea mgeni mwema. "Nakunda. Tulimpa jina la mama yake."