Vidonge Tisa vya Kitanda cha Nne

Muuguzi alipokung'uta foronya ya mzee wa kitanda cha nne, vidonge tisa vilimwagika sakafuni.

Alivitambua papo hapo. Ni vya kuzuia kichefuchefu, anavyompa mzee nusu saa kabla ya dripu ya saratani. Kila mara alimwona akitia kidonge kinywani na kushushia maji. Na kila mara mzee alitapika mpaka machozi yakamtoka, huku yeye akimshikia beseni, mkono mgongoni, akijiuliza dawa gani hii isiyosaidia. Jana tu alimwomba daktari aongeze dozi.

"Babu, umefungua duka la dawa?"

Mzee aligeukia ukutani. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu chini ya shati la wodi.

"Nikimeza, sitapiki."

"Si ndiyo kazi yake!"

"Nisipotapika, unafungua dripu unaenda zako. Nikitapika, unakaa."

Muuguzi alikuwa na wagonjwa kumi na wanane, peke yake. Alitaka kufoka, akajizuia. Akavuta kiti, akaketi, akamtilia kidonge kipya kiganjani. Mkono mwingine akauweka mgongoni, palepale alipozoea.

"Meza, babu. Leo nimekaa mapema."

Mzee akameza. Kisha akaachama na kuinua ulimi, ili muuguzi aone mwenyewe kwamba safari hii hakuna kilichofichwa.

Alikuwa bado ameachama vilevile kengele ya kitanda cha saba ilipolia.