Ndevu za Mtoano

Kinyozi Zuberi na rafiki yake Ngwali waliapa kutonyoa ndevu mpaka timu yao ya mpira wa magongo wa barafuni itolewe kwenye mtoano. Za Zuberi zilitoka moja moja. Za Ngwali zilijaa, na juzi mke wa Zuberi, alipoleta chai kwenye kibanda cha kunyolea, alimwambia, "Shemeji, zimekukaa."

Tangu hapo Zuberi haoni jema la timu.

"Kipa gani huyu? Lango wazi kama soko."

"Kipa hana kosa, mabeki wamelala," Ngwali alibisha, macho kwenye runinga. "Kwani wewe siku hizi unamshabikia nani?"

Wakifungwa leo, wametolewa. Walikuwa nyuma kwa bao moja, zimebaki dakika mbili, naye Zuberi alikuwa ameshautoa wembe mpya kwenye karatasi yake.