Kufuli la Mikweche

Usijifanye huoni, fundi mwenzangu. Lile kufuli la programu yetu linalozuia kazi mbili kugombea skrini, niliandika liandaliwe kwa viendeshi vipya tu, vile vijiprogramu vya kuendesha skrini. Nilipokuuliza kuhusu vya zamani ukacheka: "Mikweche itajifia yenyewe!" Nami nikacheka.

Leo kompyuta kuukuu ya shangazi, karani wa zahanati, imeganda baada ya sasisho letu. Bosi wake amemwekea karatasi atie saini kukiri ameiharibu, kisha aondoke kazini.

"Kwani nimebonyeza vibaya, baba?" ameniuliza. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe.

Naujua mstari wa programu unaokosekana. Lakini mbele ya bosi nimesema, "Labda, shangazi."

Sasa ameshika kalamu. Mstari nimekutumia, wa kuupitisha uingie kwenye sasisho ni wewe. Upitishe sasa hivi!