Kitambaa cha Bomba

Mize aliisubiri pikipiki ipoe, maana injini ya moto ukiimwagia maji hupasuka kama chungu. Hayo alifunzwa na mumewe, tena kwa kidole cha usoni: plagi ifunike, bomba la moshi lizibe kwa kitambaa, na ukimaliza usisahau kuzibua. Mize mwenyewe hakuwahi kuhurumiwa hata nusu ya plagi ile.

Leo ilitakiwa ing'are. Alasiri mumewe anakwenda Msuka kuoa mke wa pili.

"Isugue vizuri," alisema mlangoni, kanzu imenyooka, udi unanukia mpaka uani. "Na kanga nilokupa kukupoza moyo, mbona huivai?"

"Naitumia leo leo, bwana. Usiwe na pupa."

Mumewe alipoingia ndani, Mize akaichana kanga ile mpya. Kipande kimoja akafunikia plagi. Cha pili akakishindilia ndani ya bomba. Akaosha taratibu kwa kata, akafuta kila njiti ya gurudumu, akaifunua plagi.

Mkono ukafika kwenye bomba. Ukasita. Akaurudisha, akaunawa, akakaa juu ya mbuzi kukuna nazi.

Mumewe akapiga kiki. Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Akapiga ya pili, akapiga ya kumi, kanzu ikalowa jasho.

"We Mize! Umeiosha vipi?"

Mize hakuacha kukuna. Alimtazama machoni.

"Yote ulonifunza nimefanya, bwana. La mwisho ndilo nililokataa."