Simu Mbili, Anwani Moja

Ulipita Base Camp, makao makuu ya kambi ya wakimbizi, siku ile, ukawaona wanawake wamejazana mlangoni mwa zahanati, ukageuza uso. Usikatae.

Ndani, mama aliyetoka kujifungua alikuwa akivuja damu. Eugénie, mkalimani, alikuwa amebonyeza simu mpya mara tano kuita gari la wagonjwa kutoka Mbarara. Simu haikutoa hata mlio. Akakimbilia ofisini.

Meneja wa kambi alikuwa amejilaza kitini, akicheka na mtu kwenye simu yake mpya ya mezani. Fundi aliyekuja kufunga simu zote asubuhi ile alikuwa anakunja nyaya.

"Bwana fundi, simu ya zahanati imekufa!"

"Nyabo, dada yangu, ile nimeipima. Ilikuwa inafanya kazi."

Ndipo Eugénie alipoiona plasta iliyobandikwa kwenye simu ya meneja. Fundi huandika hapo, kwa kalamu ya wino, namba ambayo ndiyo anwani ya kila simu kwenye mtandao. Mwisho wake ulikuwa ishirini na saba, wino umechuruzika kidogo. Ya zahanati nayo iliishia ishirini na saba. Alikuwa ameitazama tangu asubuhi.

"Umepatia simu mbili anwani moja! Hii ya patron huyu njo inakata yetu. Mama anakufa kule!"

Fundi akachungulia plasta, akameza mate. "Basi ngoja mkubwa amalize kuongea."

Meneja akainua kidole kuwanyamazisha, akaendelea kucheka.

Eugénie akaushika waya wa simu ile.

Wewe unayesoma, usimwachie peke yake. Shika naye, uvute. Sasa hivi.