Tunguu la Bi Mwajabu

Mzee akitimiza miaka sabini, serikali humpa tunguu la ua la amarilisi alilee mwenyewe ndani ya nyumba. Likichanua kila mwaka, anabaki na wanawe. Lisipochanua, gari la Makao ya Wazee huja kumchukua.

Zuwena alilibonyeza tunguu la mama mkwe wake. Lilikuwa laini, linaoza, na udongo wa chunguni ulikuwa chepechepe.

"Mama, umelimwagilia tena?"

"Tangu juzi sijaligusa," alisema Bi Mwajabu, kikombe cha maji kikiwa bado mkononi.

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anasahau, na wasahaulifu ndio waliokuwa wakitafutwa.

Zuwena alikwenda kwa jirani aliyefiwa na baba yake, akapewa kwa siri tunguu la marehemu lililokwisha kutoa kikonyo. Akalipanda katika chungu kilekile, shingo ikiwa juu ya udongo, kisha akavificha vikombe vyote. Ua lilifunguka asubuhi ya ukaguzi. Lilikuwa jeupe. La mwaka jana lilikuwa jekundu, lakini nani angekumbuka?

"Shikamoo, Bibi. Hongera, limependeza," alisema mkaguzi, akageukia mlango.

"Marahaba, baba. Ila hili si langu," alisema Bi Mwajabu. "Langu lilikuwa jekundu."

Mkaguzi alisimama. Bi Mwajabu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimwita mkwewe kwa jina la dada yake marehemu, alimgeukia kwa furaha.

"Umeona, Zuwena? Nakumbuka."